Kokateli: kakatua mdogo anayeishi kwa ratiba ya mvua

Ukipita kwa wauza ndege wa mjini, iwe Dar, Nairobi au hata kule Muscat, lazima utakutana na kandege ka kijivu kenye mashavu ya rangi ya chungwa na kishungi kichwani kinachopanda na kushuka, na ukisimama hapo dakika tano tu utasikia kila mtu anamwita vyake. Huyu anasema kasuku, yule anasema kakatua mtoto, mwingine anakuapia kabisa kwamba ni chotara wa kasuku na njiwa. Hilo la njiwa tuliache. Hayo mengine mawili yote yana ukweli ndani yake na ndiyo maana ubishi hauishi.

Anaitwa kokateli, jina la kitaalamu Nymphicus hollandicus, na kwao ni Australia peke yake, hakuna nchi nyingine duniani anakopatikana porini kwa asili. Ni kasuku kwa maana pana, kwa sababu kakatua wote wako ndani ya ukoo mkubwa wa kasuku, lakini humo ndani yeye yuko upande wa kakatua, tena ndiye mdogo kuliko wote. Urefu ni sentimita 30 mpaka 33 na karibu nusu ya hizo ni mkia mtupu, uzito unacheza kwenye gramu 80 mpaka 120 hivi, wakati yule kakatua mweusi wa New Guinea mwenye mashavu mekundu anafika sentimita 60 na anakaribia kilo nzima. Kwa hiyo ukiambiwa hawa ni ndugu una haki ya kushtuka.

Na hata wataalamu walishtuka, wakabishana miaka mingi sana. Kilichowavuruga ni mkia. Kakatua wa kawaida ni mnene, mkia mfupi, anaruka kizito kizito, sasa huyu ni mwembamba, mkia mrefu umechongoka, anakata hewa kwa kasi, na kwa macho anafanana zaidi na wale kasuku wadogo wenye mikia mirefu ambao Australia imejaa. Robert Kerr alimpa jina la spishi mwaka 1792, Wagler akamtengenezea jenasi yake mwaka 1832, na mpaka leo kwenye hiyo jenasi yupo peke yake, hana hata wa kukaa naye. Wengine wakamweka huku, wengine kule.

Lakini ukiacha mkia ukaangalia vitu vingine picha inabadilika. Kwanza kishungi, maana kishungi cha kusimamisha na kulaza kwa kutaka ni alama ya kakatua. Pili, kifuko cha nyongo: kasuku wengi hawana, kakatua wanacho, na kokateli anacho. Tatu ni ule unga. Aliyewahi kumfuga anaujua, asubuhi ukifuta meza kitambaa kinarudi cheupe, ni manyoya maalumu yaliyo chini ya yale ya juu ambayo ncha zake zinasagika zenyewe kuwa poda, na ndege akijichambua kwa mdomo anaisambaza mwilini kutunza manyoya na kuzuia maji yasiingie. Kakatua wote wana hiyo kitu na ndiyo maana mwenye pumu nyumbani kwake nashauri afikirie mara mbili. Halafu dume la kokateli linaatamia mayai, jambo ambalo kwa kasuku wengi ni kazi ya jike tu. Vipimo vya DNA vilipoanza kutumika miaka ya 1990 kesi ikaisha, ni kakatua, kilichobaki ni ubishi wa ndani kwa ndani kwamba awekwe karibu na wale kakatua weusi au apewe tawi lake mwenyewe, na huo ubishi mimi na wewe hautuhusu.

Alama nyingine ni rangi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopigwa hela. Umewahi kujiuliza kwa nini hakuna kokateli wa kijani wala wa bluu wakati kasuku kibao ni wa kijani? Kwenye manyoya ya kasuku bluu siyo rangi kabisa, inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa kwa ndani, mwanga ukigonga unatawanyika unarudi kwa macho yako kama bluu, na ukiweka njano juu ya hiyo bluu ndiyo unapata kijani. Ukoo wa kakatua hauna huo ujenzi. Basi, haupo, na kama haupo huwezi kuupata kwa kuzalisha hata ukae miaka mia, kwa hiyo siku ukiletewa kokateli wa kijani mpakaze maji uone.

Alichonacho yeye ni mitungi miwili tu ya rangi. Mmoja ni melanini, ile ile inayotengeneza weusi wetu, inampa kijivu. Mwingine ni rangi ya njano na chungwa ambayo mwili wa kasuku unajitengenezea wenyewe, siyo kama flamingo wa Ziwa Natron ambaye wekundu wake unatoka kwenye chakula. Ukishaelewa hiyo mitungi miwili basi zile aina zote zenye majina ya ajabu sokoni zinakuwa rahisi. Melanini ikizimwa unapata yule wa njano mpauko mwenye macho mekundu, anaitwa lutino, alianza kuonekana Marekani miaka ya 1950. Njano ikizimwa melanini ikabaki unapata wa kijivu mwenye uso mweupe na hana lile doa la shavuni. Zima zote mbili, mweupe pee, albino. Melanini ikikaa mabakamabaka unapata yule wa madoa, ambaye ndiye mabadiliko ya kwanza kabisa kupatikana kwenye mabanda, mwishoni mwa miaka ya 1940 huko California. Wote ni ndege yule yule mmoja, bei ndiyo inatofautiana. Na porini hao weupe na wa njano hawana maisha, sababu nitaisema mbele.

Dume na jike kwa wale wa kijivu wa asili unawajua hivi: dume akikua uso wote unakuwa njano na shavu linawaka, jike uso unabaki wa kijivujivu, shavu limefifia, na ukimgeuza chini ya mkia ana mistari ya njano na kijivu. Tatizo ni kwamba vifaranga wote wanafanana na mama mpaka wanyonyoke manyoya ya kwanza, miezi sita mpaka tisa hivi, kwa hiyo muuzaji anayekuhakikishia kwamba hiki kifaranga cha miezi miwili ni dume anakubahatishia tu.

Sasa tuje kwenye maisha yake, na hapa ndipo yalipo majibu ya karibu kila kitu ambacho wafugaji wanakiona cha ajabu.

Kokateli hakai pwani sana, pwani ya Australia ndiko kwenye unyevu na miji mikubwa, yeye ni wa bara, ile sehemu kubwa ya katikati ambayo ni nyasi, vichaka vya migunga na mito ambayo miezi mingi ni mchanga mtupu. Na mvua ya huko siyo ya masika na vuli. Inaweza kunyesha leo ikakaa mwaka mzima haijarudi, halafu ikarudi kwa hasira mafuriko yakajaa mpaka maziwa ya jangwani. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wengi kwa sababu tunagawana bahari na wao. Maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida upande wetu huku na yakapoa upande wa Indonesia na Australia, sisi tunapigwa mvua na wao wanakauka. Ndicho kilichotokea 2019, vuli ile iliyoleta mafuriko Kenya na Tanzania ndiyo hiyo hiyo Australia ilikuwa kwenye mwaka mkavu kuliko yote tangu waanze kuweka kumbukumbu, na misitu ikaungua vibaya. Mambo yakigeuka nayo yanageuka kweli, mwaka 2010 na 2011 La Niña, yaani ile hali ya maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, iliwajaza maji mpaka katikati ya jangwa wakati Pembe ya Afrika iko kwenye ukame mbaya sana.

Ndege anayeishi sehemu kama hiyo hawezi kuwa na kalenda. Kwa hiyo hana. Kokateli wa kaskazini wanahamahama tu, leo wapo, kesho hawapo, wanafuata nyasi zilipozaa mbegu na maji yalipobaki, na wale wa kusini wana mpangilio kidogo wa kwenda na kurudi kwa msimu. Kuzaliana hivyo hivyo. Kusini wengi wanatotoa kuanzia Agosti mpaka Desemba, kaskazini ni baada ya mvua zao, Aprili mpaka katikati ya mwaka, lakini hayo ni makadirio ya jumla kwa sababu mvua ikishuka wakati mwingine wowote na wao wanaanza wakati huo. Mwili wao uko standbai. Ukimfikiria kwelea kwelea unamwelewa, naye anafuata mvua na mbegu, anatotoa haraka pale chakula kilipo kisha anahama, na naye mkulima hampendi, ila kokateli hawafikii ile idadi ya kwelea ya kufunika jua.

Wanatotoa kwenye mashimo ya miti, hasa mikaratusi mikubwa iliyo karibu na maji. Mikaratusi tunaijua, imepandwa huku tangu enzi za mkoloni, lakini ya kwetu inakatwa nguzo na kuni ikiwa bado kijana wakati shimo la kumtosha ndege kwenye mkaratusi linahitaji mti wa miaka mia na zaidi. Na kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui, Australia hakuna vigogota. Huku kigogota anatoboa mti, akimaliza anahama na ndege wengine wanahamia, kule hakuna huyo fundi, kwa hiyo shimo linasubiri tawi livunjike, kuvu waingie, mchwa wale moyo wa mti, moto upite, na hiyo yote inachukua vizazi. Ukikata mkaratusi mzee kwenye shamba la Australia hujakata mti tu, umefuta nyumba ambayo haitajengwa tena mpaka wajukuu wa wajukuu wako wazeeke. Serikali za kule zinaihesabu kama tatizo rasmi la uhifadhi, maana siyo kokateli tu wanaogombania hayo mashimo, kuna kakatua wengine, bundi, popo na wanyama wadogo kibao.

Ndani ya shimo hawatandiki kitu, mayai yanakaa juu ya unga wa mti ulioza. Yanakuwa manne mpaka saba, jike anataga siku moja anaruka siku moja, na kuatamia ni kama siku ishirini hivi, dume anashika zamu ya mchana na jike ya usiku. Kwa kuwa mayai hayakutagwa siku moja na vifaranga hawatoki siku moja, unakuta wa kwanza ni mkubwa mara mbili ya wa mwisho, na mwaka ukiwa mbaya huyo wa mwisho hapati kitu anakufa, mwaka ukiwa mzuri wote wanapona. Ni ukatili lakini ukipiga hesabu ina maana, hakuna anayejua mvua itaendelea au itakata. Wiki nne au tano wanatoka nje. Wakiwa bado shimoni ukichungulia wanasimama wanayumba na kutoa mlio wa kuzomea unaofanana na wa nyoka, na kwenye shimo lenye giza hiyo inatosha kumfanya mtu atoe mkono haraka.

Siku yao ya kawaida ni kula chini. Hii watu wanaisahau kwa sababu tunamwona kwenye kijiti, lakini kokateli anashinda ardhini anaokota mbegu za nyasi na za migunga, wawili wawili au kikundi kidogo, na sehemu yenye maji au chakula kingi wanajikusanya mia mpaka maelfu. Mashamba ya mtama, ngano na alizeti yalipofika bara yao waliyapokea vizuri sana, ndipo ugomvi na wakulima ulipoanza. Kwenye maji hawachezi, wanashuka haraka, wanakunywa, wanaondoka, kwa sababu kozi anajua kwamba kila mtu lazima aje kunywa. Wakipumzika wanapenda miti iliyokauka, na wana mtindo wa kulala kwa urefu wa tawi badala ya kukatisha, kijivu juu ya mti mkavu wa kijivu, unaweza kupita chini usione hata mmoja. Hapo ndipo wa njano na mweupe anapokwisha. Kozi hahitaji miwani.

Kishungi sasa. Kikisimama wima kabisa ameshtuka au kuna kitu kimemvuta macho, kikiwa kimelala nusu ncha imejikunja juu yuko sawa, ametulia, na kikibanwa chini kimegandamana na kichwa huku mdomo wazi na anazomea, toa kidole. Wengi wanasoma hii ya mwisho kinyume, wanaona kishungi kimelala wanadhani kapoa. Kwa nini awe na kitu kama hicho? Ndege wa kundi anaishi kwa kuangalia wenzake, na mia mkiwa chini mnakula huwezi kupiga kelele kila ukisikia kitu, kishungi kinasema kimya kimya na aliye karibu anaona.

Kelele zipo pia, na zina kazi. Kundi likiruka wanaitana muda wote, mlio wa kupanda na kushuka unaosikika mbali, kila mmoja anawaambia wenzake nipo hapa, nyie mko wapi. Aliyepotea kundi bara ya Australia hana maisha marefu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kokateli wako anapiga kelele ukitoka chumbani na ananyamaza ukiitikia kwa mluzi, siyo kwamba ana kiburi wala kadekezwa, wewe ndiye kundi na umepotea. Madume ndiyo mafundi wa miluzi, wanajifunza nyimbo fupi na maneno mawili matatu yasiyosikika vizuri, majike mengi ni wapole kwa sauti. Ukitaka ndege wa kuongea sentensi nzima hukuja kwa huyu, huyo ni kasuku wa kijivu wa Kongo.

Usiku pia kuna drama yake. Wafugaji wengi wanasimulia saa nane za usiku kokateli analipuka ndani ya kizimba, anajigonga huku na huku mpaka manyoya ya bawa yanatoka damu, na ukiwasha taa hakuna kitu, labda gari lilipita au mjusi alitembea ukutani. Ndege anayelala kwenye tawi la wazi akishtuka usiku anaruka kwanza, anauliza baadaye, na porini kuna anga la kumpokea, kwenye kizimba kuna nondo. Taa hafifu ukimwachia inasaidia sana.

Kubwa zaidi ni mayai. Kila mara namsikia mtu analalamika kwamba jike lake, tena halina dume, linataga tu, mayai sita, yakitolewa linataga mengine, mpaka linakonda miguu inalegea. Watu wanatafuta dawa, wengine wanadhani ni baraka. Rudi kwenye mvua. Mwili wa huyu jike unasubiri ishara kwamba mwaka ni mzuri, yaani chakula hakiishi, mchana ni mrefu, maji yapo na kuna kona yenye giza inayofanana na shimo. Sasa angalia ulichompa: bakuli la mbegu limejaa saa zote, taa ya sebuleni inawaka mpaka saa sita usiku, na kuna kiboksi au nyuma ya kabati anapopenda kujibanza. Kwa hesabu za mwili wake mvua imenyesha na haijakata tangu azaliwe. Kila yai linabeba kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, na mbegu tupu hazirudishi kalsiamu, mwisho yai linamkwama na hiyo inaua. Kinachofanya kazi ni kumletea ukame kidogo: giza mapema, usingizi wa masaa kumi na mawili au zaidi, kiboksi ondoa, chakula pima badala ya kujaza, na mayai aliyotaga muachie ayalalie mpaka achoke, ukiyatoa anahesabu amepungukiwa na anaongeza. Akiendelea, daktari wa mifugo anayejua ndege, siyo yule wa kuku tu.

Akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 mpaka 25, na kuna mmoja huko New Mexico, Marekani, aliingizwa kwenye rekodi za Guinness mwaka 2016 akiwa na miaka 32. Kwa hiyo unayemnunulia mtoto wa darasa la tatu jua kwamba atakuwepo siku ya harusi yake.

Kuhusu sheria na upatikanaji, porini yuko salama, idadi ni kubwa na hayuko kwenye orodha ya walio hatarini. Ni mmoja wa kasuku wanne tu duniani ambao mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori haujawaorodhesha, pamoja na baji (yule kasuku mdogo sana wa kufugwa, naye wa Australia), kasuku wa kijani mwenye pete shingoni, na mmoja wa wale kasuku wadogo wenye mkia mfupi wanaoitwa lovebird, yule wa Namibia mwenye uso wa waridi. Kasuku wa kijivu wa Kongo yuko ngazi ya juu kabisa ya ulinzi tangu uamuzi wa 2016, na lovebird wa kijani wenye uso wa chungwa wa kule Serengeti walivunwa kwa wingi mno kutoka Tanzania miaka ya 1980. Kokateli aliponea kwa sababu anazaa kirahisi kwenye banda na kwa sababu Australia ilishafunga biashara ya kutoa ndege wake wa porini nje tangu miaka ya 1960, kwa hiyo wote unaowaona Kariakoo au Dubai ni watoto wa watoto wa watoto wa waliozaliwa kwenye mabanda. Muuzaji akikuambia huyu kashushwa juzi kutoka pori la Australia ndiyo maana bei imepanda, mwambie asante bosi, na uende kwa wa pembeni.